Kinga ya Ukuta wa Ngazini

Siku zile hata kuomba chumvi kwa jirani ilibidi kwanza uangalie nani amesimama nyuma ya mlango. Nalitanguliza hilo ili msomaji asinione mjinga kuliko nilivyokuwa. Mjinga nilikuwa, sikatai, lakini sikuwa peke yangu. Mtaa mzima tulikuwa tukisalimiana vizuri, tukiulizana hali na watoto na wagonjwa, na kila mmoja akirudi ndani anajiuliza yule aliyemsalimia alitaka nini.

Nyumba tuliyokaa ilikuwa upande wa Sokomuhogo, kwenye uchochoro ambao watu wawili wanene wakikutana mmoja lazima arudi nyuma. Sasa wageni wanatoka mbali kuja kuutazama uchochoro ule, na eneo lote lile linaitwa Mji Mkongwe. Sisi tulisema Mjini tu. Mwenye nyumba, mfanyabiashara mmoja, alikuwa ameondoka baada ya Mapinduzi, na nyumba ikawa ya Serikali. Baba yangu na mimi tuliachiwa vyumba viwili vya ghorofani tulivyokuwa tukikaa tangu zamani. Chumba cha chini alipewa mwanamke mmoja ambaye hatukumjua.

Baba alikuwa fundi mwashi. Alitoka Makunduchi kijana, akafundishwa Mjini kujenga kwa mawe na chokaa, na kwa miaka arobaini hapakuwa na ukuta mtaani petu ambao hakuugusa. Miaka hiyo ninayoisimulia, ya mwisho ya sitini, magoti yalikuwa yameshamkataa. Ngazi alizishuka kwa kukaa kitako, kidato baada ya kidato, mkono mmoja ukutani na mwingine begani kwangu. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na saba, nimeshaolewa na nimeshaachika, nakaa kwa baba nashona kofia za viua. Bila mimi baba hakuweza kushuka, na bila baba mimi sikuwa na pa kukaa. Tuliishi hivyo, tukigombana kwa mapenzi.

Mashaka yetu yalianzia kwenye ukuta wa ngazini. Mlizamu wa bati uliokuwa ukiyapokea maji ya paa ulikuwa umeanguka katika masika ya mwaka uliopita, na hakuna aliyeurudisha. Maji yakawa yanaingia ndani ya ukuta wenyewe, yanaila chokaa, yanaulainisha udongo ulioshika mawe. Ukuta ukatoa tumbo, kama mtu aliyerudi kula wali wa harusini. Kwenye tumbo hilo zikatoka nyufa tatu. Nyuma ya ukuta huo ndipo kilipokuwa chumba cha yule mwanamke, na kitanda chake alikiegemeza hapo hapo.

Kila Ijumaa, baada ya sala ya adhuhuri, baba aliniita nimshushe hadi kwenye zile nyufa. Alichukua mchele mkononi, akazipanga punje upande kwa upande katika ufa mpaka ujae, kisha akazihesabu. Mafundi wake ndivyo walivyomfundisha. Punje tatu, ukuta umechoka. Punje sita, utegemeze kwa boriti. Punje tisa, toka ndani uende zako. Hesabu aliziandika kwenye karatasi aliyoichora vyumba tisa, mistari mitatu ya nyufa tatu, na safu tatu za Ijumaa tatu. Baba hakusoma skuli ya Serikali, alisoma chuo cha Kurani tu, kwa hivyo nambari zake zilikuwa za Kiarabu. Karatasi aliibandika kwa uji wa unga pembeni ya nyufa, ili fundi yeyote atakayekuja aisome habari ya ukuta bila ya kuuliza mtu. Zikijaa safu tatu, alibandika nyingine chini yake.

Msomaji atauliza kwa nini asiutengeneze mwenyewe, au asimwite fundi mwenzake. Chokaa na boriti zilitoka ofisini, kwa kibali. Na kulikuwa na jambo jingine lililokuwa halisemwi. Watu waliamini kwamba wale walioondoka walizika dhahabu ndani ya kuta. Ukionekana na tindo mkononi unagonga ukuta wa nyumba ya Serikali, swali la kwanza utakaloulizwa si kwamba unatengeneza nini. Nilijua mzee mmoja wa mtaa wa pili aliyeitwa akaulizwa kwa sababu alipigilia msumari wa kutundikia kanzu. Alirudi siku ya pili yake, na msumari aliung'oa.

Sasa yule mwanamke wa chini. Alikuwa mtu wa makamo, mjane, wazee wake watu wa Bara, na Jumapili alivaa gauni lake la maua akaenda kanisani Mkunazini. Hayo hayakunisumbua. Kilichonisumbua ni kazi yake. Alikuwa akifagia na kupika chai kwenye tawi la chama, hapo hapo mtaani. Mtu anayewatilia wakubwa chai husikia mengi na huulizwa mengi, na mimi niliamini kwamba kila lililosemwa nyumbani kwetu lilikuwa likifika tawini pamoja na birika.

Akinisalimia nilijibu salama na kupita. Nikiwa na mgeni nilifungua redio kwa nguvu. Siku moja alituletea changu wawili wa kukaanga kwenye sahani ya bati iliyofunikwa, akasema amepewa wengi. Nilimshukuru mpaka akashuka, kisha nikampa paka kipande na nikakaa kumtazama. Paka alikula, akalala, akaamka akataka tena. Baba akaivuta sahani akala samaki wote wawili.

"Una maradhi," akaniambia.

"Mie nnamjua yule, baba. Humjui."

"Unamjua wapi? Hujapata kukaa naye."

Baba hakuwa na woga nami nilidhani ni kwa sababu haelewi. Siku moja nilipompumzisha kwenye kidato cha chini, mwanamke akatoka chumbani kwake na ndoo. "Shikamoo mzee." "Marahaba mwanangu." Na kabla sijamshika mkono, baba akamwambia yote. Akamwonyesha nyufa, akamwonyesha karatasi na kumweleza kuwa ndiyo vipimo vyake, akamwambia asilale karibu na ukuta ule. Mwanamke akasikiliza, akaweka ndoo chini, akaupapasa ukuta kwa kiganja.

"Umefika wapi, mzee?"

"Sita huu mkubwa. Mvua zikija hautosubiri."

Jioni ile nilisikia chini kitanda kikiburutwa. Alikuwa anakisogeza katikati ya chumba. Badala ya kufurahi, niligombana na baba. Nilimwambia ameshamkabidhi yule mwanamke ushahidi, kwamba kesho itasemwa kuwa mzee wa juu anapima kuta za Serikali. Baba akasema kama kupima ukuta ni kosa, basi yeye amekosa miaka arobaini.

Wiki ile ile karatasi mojawapo ikatoweka. Ilikuwa imebanduliwa vizuri, kwa maji, bila ya kuchanika, na alama ya uji imebaki ukutani. Nilisimama mbele ya alama ile. Sikuwa na haja ya kuuliza nani. Nyumba ilikuwa na watu watatu, na mmoja wao hakuweza kushuka ngazi.

Siku nne baadaye tukaitwa mkutanoni. Wito ulisema wakaazi wote waje kueleza shida za mtaa, usafi, taa na usalama wa nyumba. Baba akafurahi kama mtoto wa Idi. Akaniambia hiyo ndiyo nafasi, nisimame niombe boriti nne, chokaa, na mlizamu mpya. Aliyataja mpaka nikayaweka kichwani, akanitaka niyarudie. "Usizunguke," akasema. "Sema ukuta utaanguka, chini yake analala mtu." Nikamuahidi.

Mkutano ulikuwa Jumamosi baada ya alasiri, kwenye ukumbi wa chini wa tawi. Wanaume walikaa mbele kwenye mabenchi, wanawake tulikaa nyuma kwenye mikeka. Mwenyekiti alikuwa mtu mfupi, mcheshi sana, na ucheshi wake ndio uliotutia hofu, maana hukujua unaishia wapi. Alisema, "Mapinduzi," tukaitika, "Daima," akafungua daftari lake.

"Haya, semeni. Leo siku yenu. Tawi lipo kwa ajili yenu."

Kila mtu alimtazama mwenzake kichogoni. Mwisho akasimama mzee mmoja akalishukuru tawi kwa taa ya pembeni mwa msikiti, taa nzuri sana, akasema ingezidi uzuri kama ingewaka. Mwengine akausifu mtaro wetu, kwamba umefanya kazi kubwa miaka mingi, ila sasa unaonekana umechoka na maji yanakaa. Mama mmoja akasema mfuniko wa shimo la maji machafu pengine umeazimwa na watu wema, nao wakimaliza haja yao waurudishe, maana watoto wanapita. Mwenyekiti aliandika yote. Nilitaka kucheka na nilitaka kulia. Watu wazima, na hapakuwa na hata mmoja aliyethubutu kusema kitu kimeharibika.

Mimi nilikuwa nimeshalitengeneza neno langu. Ningeanza kwa kushukuru kupewa nyumba, kisha nimtaje baba na magoti yake, kisha niuingize ukuta taratibu. Nilikuwa najivuta mkekani ili ninyanyuke. Nikaona mbele yangu, karibu na mlango wa jikoni ya chai, mwanamke wa chini amesimama.

"Mwenyekiti, ukuta wa nyumba tunayokaa utaanguka," akasema.

Hakushukuru, hakuzunguka. Waliokuwa wakijipepea waliacha.

"Nani kakwambia?"

"Fundi."

"Fundi gani huyo? Sie hatujaleta fundi."

Mwanamke akageuka akanitafuta kwa macho. Nikainamisha uso nikaanza kuhesabu ukili wa mkeka. Nilimsikia akifungua fundo la kanga yake. "Hii hapa karatasi, Mwenyekiti. Umepimwa. Mie sijui kuisoma, lakini ukuta umepimwa."

Niliponyanyua uso karatasi ya baba ilikuwa mkononi mwa Mwenyekiti, juu chini. Akaigeuza. Watu wakanyoosha shingo. Vyumba tisa, na ndani yake nambari za Kiarabu. Kila aliyekulia Unguja amepata kuona karatasi ya namna hiyo, imekunjwa na kushonewa ndani ya hirizi, au imebandikwa juu ya mlango wa duka. Waliosoma chuoni ndio waliokuwa na hakika zaidi kuliko wote. Nikasikia mtu mbele yangu akinong'ona, "Talasimu hiyo." Nyuma mtu akataja halbadiri, kisomo cha kumuapiza mtu, na jina hilo likapita kwenye mabenchi kama upepo wa baridi. Kusoma halbadiri dhidi ya jirani lilikuwa jambo zito. Kuisoma dhidi ya wakubwa, na karatasi iko mezani kwao, hata kulifikiria nilikuwa sitaki.

Uso wa Mwenyekiti ukabadilika. Akamwita mwalimu wa chuo, mzee aliyewafundisha Kurani nusu ya watu waliokuwamo ukumbini. Mwalimu akavaa miwani yake, akaisogeza karatasi karibu, akaitazama kwa muda mrefu.

"Ni nambari," akasema. "Nne, tano, sita. Tatu, tatu, nne. Hazina jina la mtu."

"Nambari za nini?"

"Za ukuta," akasema mwanamke.

"Ukuta una nambari?"

Wawili watatu wakacheka. Mwenyekiti hakucheka. "Kaandika nani?"

Nimeirudia dakika ile mara nyingi maishani kuliko siku ya ndoa yangu. Njia nilizoziona zilikuwa mbili. Nikisema baba anapima, basi kuna mzee anayepima kuta za nyumba ya Serikali kila Ijumaa, anaandika kwa maandishi yasiyosomwa na kila mtu, na swali litakalofuata ni anatafuta nini mle ndani. Watamfuata. Watamshusha ngazi na magoti yale. Na huyu mwanamke aliyebandua karatasi kwa maji akaificha kwenye fundo la kanga, ametumwa, na ametega vizuri. Anataka niseme mwenyewe mbele ya watu. Nilimuona hivyo hasa, kwa macho yangu haya, amesimama pale kunikamatisha.

Nikasimama. "Ya baba yangu, Mwenyekiti. Ni kinga."

"Kinga?"

"Mzee wangu ni mtu wa zamani. Kaiwekea nyumba kinga isifikwe na shari. Ndivyo walivyozoea wao."

"Kwa hivyo anailinda nyumba ya Serikali?"

"Naam, Mwenyekiti."

Akanitazama, akamtazama mwalimu wa chuo. Mwalimu alivua miwani akaikunja polepole. "Hesabu za kinga huwa hivyo hivyo," akasema, na akaenda kukaa. Mpaka leo sijui kama hakujua, au alijua akaniokoa. Sikuwahi kumuuliza, naye hakuwahi kunitazama usoni tena.

Mwenyekiti akacheka. Ukumbi mzima ukacheka pamoja naye, kicheko kirefu cha watu walioshusha pumzi. "Basi mzee huyu mwenzetu," akasema. "Nyumba yenye kinga ina haja gani na boriti?" Nikamuona anachora mstari kwenye daftari, anaufuta ukuta wetu. Mwanamke alikuwa bado amesimama.

"Lakini mzee aliniambia..."

"Kaa mama, tushasikia. Mwenye baba yake keshasema."

Akakaa. Nikarudishiwa karatasi, nikaikunja ndogo kabisa. Mkutano ukaendelea na habari za mbuzi wanaokula nguo kwenye kamba.

Nilirudi nyumbani najiona shujaa. Nilimsimulia baba nikitegemea anishukuru, na nilipofika kwenye neno kinga akanyanyua mkono ninyamaze.

"Umesema mie mganga?"

"Nimekuokoa, baba."

"Miaka arobaini nashika chokaa. Hakuna aliyewahi kuniita mganga." Hakupandisha sauti. Alikuwa ameshika goti lake kama linalomuuma, na macho yake yalikuwa mekundu. "Niitie yule mwanamke nimwambie."

Nikamwambia hayupo. Alikuwapo, nilikuwa nikimsikia akipepea jiko lake. Kesho yake aliniambia tena nimwite, nikasema yuko kazini. Keshokutwa nikasema amekwenda Bububu kwa jamaa zake. Ijumaa ilipofika akaniambia nimshushe akapime, nikamwambia ofisi imekataza. Haikukataza mtu. Nilizibandua karatasi zilizobaki nikazichoma kwenye jiko la mkaa, na kibati cha mchele nikakiweka juu ya kabati asikofikia. Nilimfunga baba yangu ghorofani kwa maneno matupu, na nilikuwa naona namtunza.

Mwanamke mwenyewe alikuja. Alipanda ngazi mchana mmoja, bado amevaa kanga ya kazini, nikamkuta kwenye kidato cha mwisho na sikumpa njia.

"Dada, nilitaka kumuona mzee."

"Amelala."

"Nataka kuuliza tu. Mzee aliniambia anapima. Wewe ukasema kinga. Mie nishike lipi?"

Aliuliza kwa upole kabisa, kichwa amekiinamisha upande, kama mtu anayeuliza bei ya kitambaa. Nami nikasikia mtego. Nikawaza, huyu akitoka hapa na neno kupima, baba amekwisha na mimi nimeonekana muongo mbele ya mtaa mzima.

"Anapima na kuombea," nikasema. "Ni kinga. Ukuta una kinga."

"Kwa hivyo hauanguki."

"Hauanguki."

Akatabasamu. Alionekana mtu aliyetuliwa mzigo. Akasema afadhali, kwa sababu kitanda kule katikati kinamzuia hata kufungua mlango sawasawa, na kila akipika anajigonga. Akashuka. Baadaye nilisikia miguu ya kitanda ikikwaruza sakafu, kuelekea ukutani. Nilikuwa na kofia mkononi, sindano imo ndani ya uzi. Niliendelea kushona. Najua kwamba niliusikia ule mkwaruzo na nilijua ni wa nini, na hilo siwezi kumsingizia mtu mwengine wala zama zile.

Masika yakaja. Siku kumi mvua haikupumzika, na baba alikaa kitandani akisikiliza maji yakiteremka ndani ya ukuta. Aliniambia ukuta wa chokaa mara nyingi hungoja jua, maji yakianza kukauka ndipo mawe yanapoachana. Siku ya kumi na moja jua likatoka, kali, na mtaa ukaanza kunuka matope na nguo mbichi. Watu wakatoka vibarazani. Mwanamke alirudi kutoka kazini baada ya adhuhuri, nikamsikia akifungua mlango. Alizoea kujinyoosha kidogo wakati huo.

Sauti yenyewe haikuwa kubwa. Ilikuwa kama gunia la mchanga limetuliwa chini, kisha vumbi likapanda ngazini na kuingia chumbani kwetu mpaka sikumuona baba. Sakafu yetu haikushuka. Boriti zake baba alikuwa amezipanga upya mwenyewe enzi za mwenye nyumba, akazizidisha, na zilitushika. Nikapiga kelele, sijui nilisema nini. Wanaume wa mtaani wakaingia kwa dirisha la uchochoroni wakaanza kutoa mawe kwa mikono. Mwalimu wa chuo alikuwa miongoni mwao, kanzu amejifunga kiunoni.

Vumbi lilipotulia baba aliuliza neno moja tu.

"Ngapi?"

Alikuwa anauliza punje. Nikamwambia sijui. Akageuza uso upande wa pili, na kwa siku nyingi hakusema na mimi ila la lazima.

Mwanamke walimtoa hai. Mguu wa kushoto ulikuwa umevunjika mahali pawili, na mbavu, na alikaa hospitali mpaka masika yakasahaulika. Mwenyekiti alifika, akatazama, akasema mvua za mwaka huu zimezidi. Sisi tuliteremshwa kwa ngazi ya kuegemeza, nyumba ikafungwa kwa mbao, tukapewa chumba Kikwajuni. Baba hakuishi muda mrefu pale. Kuta za Kikwajuni zilikuwa za saruji, na alilalamika kwamba hana cha kuzisikiliza. Kabla hajafa aliniambia, bila ya hasira, nende kwa yule mwanamke nimwambie ukweli. Nikamuahidi, kama nilivyomuahidi mara ya kwanza.

Mwanamke naye alikuwa amepewa chumba Kikwajuni, si mbali na petu. Nilichukua zaidi ya mwaka kufika. Nilikwenda mchana mmoja, nimevaa buibui langu zuri, maneno yote nimeyapanga. Aliniona tangu mbali akainuka na fimbo yake, akanifutia kigoda kwa upindo wa kanga. Alikuwa akitembea kwa kuchechemea, na tawini hakurudi tena. Akanipa pole ya baba. Akasema mzee yule alikuwa mtu peke yake katika nyumba ile aliyemwita mwanangu. Akapika chai ya tangawizi, na mimi nilikuwa nimekaa na sentensi yangu mdomoni, nangoja akae.

Alipokaa akanitangulia yeye.

"Dada, nina neno limenikaa rohoni tangu siku ile. Nilikuwa nakuogopa kukwambia. Wewe hukunipenda, na ulikuwa na haki."

Nikasema haki gani.

"Mie ndiye niliyeibandua ile karatasi. Nilitaka wakubwa waione, wamletee mzee boriti zake. Niliona anavyoteseka kushuka ngazi. Sikujua kama ni kinga. Kumbe nilipoitoa niliiharibu, na ukuta ukaanguka." Macho yake yalikuwa yamejaa machozi. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili. "Mungu kaniadhibu mguu, na mzee kafa amenyamaza. Nimuombe nani radhi kama si wewe? Nisamehe."

Redio ya jirani ilikuwa ikisoma taarifa ya habari. Niliutazama mguu wake, ulivyopinda chini ya goti. Neno lilikuwa hapo hapo kwenye ulimi wangu, na nikawaza, kwa sababu ndivyo nilivyokuwa nimeshazoea kuwaza, je akienda akasema?

Nikamwambia nimemsamehe. Akashukuru, akaniongezea chai.